Pedi gani za breki kwa Impreza ya kazini Mbeya na mzunguko wa vumbi Iringa?

Impreza ya Uyole

Habari za jioni wakuu, na shikamooni mlionitangulia. Nina Impreza WRX ya 2004, gia za mkono. Ndiyo inayonipeleka kazini Mbalizi kila siku kutoka Uyole, na kila baada ya miezi miwili mitatu naipeleka Iringa, kwenye shamba ambalo wenzetu wamechonga njia ya vumbi ya kuzunguka. Eneo limefungwa, tunakimbia gari mojamoja kwa kupimana muda. Naomba ushauri wa pedi za breki, ila nieleze kwanza kilichonipata.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunatoka Chunya: mimi, mke wangu, mama yangu na mtoto wetu. Kawetire tukasimama, tukanunua viazi gunia mbili, tukaanza kushuka kuja mjini. Nilikuwa gia ya nne, naigusa breki kila kona, wala sikuwa na haraka yoyote. Baada ya kona nyingi nikasikia harufu ya kuungua, kama klachi iliyochomwa. Kona iliyofuata pedeli ikazama laini mpaka karibu na sakafu, kama nimekanyaga sponji. Nikapampu mara tatu ikarudi kidogo, nikaingiza gia ya pili kwa nguvu, injini ikalia, gari likatulia. Nikaegesha pembeni dakika 40. Mama akauliza kuna nini, nikamjibu nasikilizia injini. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba kwa sekunde kadhaa sikuwa na breki na mjukuu wake amelala kwenye mapaja yake.

Pedi za mbele nilibadilisha mwezi wa tano kwa elfu 45, na niliambiwa ni orijino. Rafiki yangu anasema ninunue pedi za mbio kama za binamu yake aliyeko Afrika Kusini, ambaye huingia nazo uwanja wa mbio wa Kyalami siku za mazoezi. Anasema hazichoki hata diski ikiwa nyekundu. Nimeulizia, mpaka zinifikie ni zaidi ya laki tano. Kama hilo ndilo jibu, pesa nitaitafuta.

Je, kuna pedi moja inayoweza kunishusha Kawetire na familia, ikanishika asubuhi ya mwezi wa saba kwenye baridi ya Uyole, na ikavumilia mzunguko wa Iringa? Au lazima niwe na seti mbili?

Kijana wa Mafiati

Pole sana mkuu. Mimi ningechukua hizo za mbio moja kwa moja na diski zenye matundu. Altezza yangu nimefunga diski za matundu na haijawahi kuniangusha. Kwenye breki usione uchungu wa pesa.

Dada wa Spea Mwanjelwa

Pole kaka, na mpe mama pole zangu.

Nauza spea mwaka wa 11 sasa. Neno "orijino" usilitumie dukani, maana kila muuzaji atakujibu ndiyo, hata mimi. Geuza pedi uitazame ubavuni. Pedi nyingi za kampuni zinazojali zina namba ndefu, na mahali fulani kwenye hiyo namba kuna herufi mbili zilizokaa pamoja: EE, EF, FF, GG. Herufi ya kwanza inaeleza pedi inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, ya pili inavyoshika ikipata moto. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukikuta FE, maana yake ikipata moto inapungua, na kwa milima yetu hiyo mimi simuuzii mtu bila kumwambia. FF ni ya kuaminika kwa gari la familia. Lakini herufi hizo zinatokana na kipimo cha kipande kidogo maabara. Hazisemi pedi itadumu muda gani wala itavumilia mteremko wa Kitonga nzima.

Alama ya pili ya kutafuta ni R90, huandikwa pamoja na herufi E iliyozungushiwa duara. Ni kanuni ya Ulaya: pedi ya kubadilishia isitofautiane na ile iliyotoka na gari kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi isiyo na herufi, isiyo na R90, na boksi lenye maandishi yanayofutika kwa kidole, iache hapo hapo kaunta. Alama zenyewe nazo zinaigizwa, kwa hiyo nunua kwa mtu ambaye ukirudi kesho utamkuta.

Mzee wa Kalipa

Marahaba mwanangu, na poleni wote mliokuwemo kwenye gari hilo. Nimesoma maelezo yako mara mbili kwa sababu umeandika neno moja linalonipa jibu kabla sijaliona gari: *laini*.

Breki hufeli kwa moto kwa namna mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Pedi ikizidiwa na joto, pedeli inabaki juu na ngumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote lakini gari haliitiki. Pedeli ikizama laini na ukipampu inarudi, kilichozidiwa ni oili. Imechemka ndani ya kalipa, yaani kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, ikatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea pale oili isingebonyea. Kwa hiyo ungeweza kufunga pedi za Kyalami, ukashuka Kawetire na oili ile ile, na ukazama vile vile. Hapo ndipo ninapokataa ushauri wa rafiki yako, na wa kijana wangu wa Mafiati pia, ingawa najua wote wawili wanakutakia mema.

Oili ya breki inanyonya maji kutoka hewani, taratibu, kupitia mipira na kila unapofungua kifuniko. DOT ni daraja la oili lililoandikwa kwenye kopo. DOT 3 ikiwa mpya inapaswa kuchemka si chini ya nyuzi 205; ikishaloa, kiwango chake cha chini ni 140. DOT 4 ni 230 ikiwa kavu na 155 ikiloa. DOT 5.1 ni 260 na 180. Angalia hilo anguko. Na vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Sisi hapa mjini tuko kwenye mita kama 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, ndiyo maana maharage ya Mbeya yanakula mkaa kuliko ya Dar. Oili ya breki nayo inapoteza nyuzi chache kwa sababu hiyo hiyo. Swali langu la kwanza kwako si pedi, ni hili: oili ya breki ulibadilisha lini? Sisemi uliongeza. Ulibadilisha.

Sasa mlima wenyewe. Watu wanaogopa uwanja wa mbio na kuudharau mteremko, na hesabu inawakatalia. Chukua gari lolote, la uzito wowote, lisimamishe kutoka spidi 100. Joto ulilotengeneza ni sawa na la kulishusha gari hilo hilo mita 40 za kimo kwa breki peke yake, ukiacha upepo na msuguano wa tairi. Mita 40 tu, urefu wa minazi miwili. Ukishuka mita 300 bila kusaidiwa na injini, umesimama kutoka spidi 100 zaidi ya mara saba, tena bila nafasi ya kupoza katikati. Uliposhuka na gia ya nne, injini ilikuwa haikusaidii karibu chochote. Watu wazima watatu, mtoto na gunia mbili vyote vilining'inia kwenye pedi nne za mbele, maana mbele ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya kazi.

Pedi zenyewe, kwa kweli, zilizaliwa na mlima. Yule Mwingereza aliyeanzisha Ferodo mwaka 1897, Herbert Frood, aliishi Derbyshire, nchi ya vilima. Aliona waendesha mikokoteni ya farasi wakipigilia buti kuukuu kwenye breki za mbao ili zishike mteremkoni, akaanza kutafuta kitu bora kuliko buti. Mbio za magari zilikuja baadaye. Ninapowafundisha vijana gereji huwa naanzia hapo, ili wasidhani pedi ya mbio ni daraja la juu la pedi ya kawaida. Ni chombo kingine kabisa.

Pedi ya mbio imechanganywa ifanye kazi diski ikiwa na nyuzi 400, 500, 600. Binamu wa Kyalami anafika huko kila mzunguko: lami nzuri, tairi zinashika, anatoka spidi kubwa anaingia kona, halafu tena na tena. Kabla ya kuingia anaipasha moto. Wewe saa 12 asubuhi mwezi wa saba, Uyole, diski yako ina nyuzi 6 au 7, na bodaboda anakatiza bila kuangalia. Pedi ya mbio hapo inateleza kwanza, inashika baadaye. Zaidi ya hapo inalia kama mashine ya kukata vyuma, inatema vumbi linalotoboa rangi ya rimu, na inaila diski.

Kule Iringa nako umesema ni vumbi. Kwenye vumbi tairi ndiyo inayokosa mshiko kabla breki haijafanya kazi kubwa, inafunga, unaserereka. Breki yako haitafika hata nusu ya joto la Kyalami. Ungenunua pedi ya laki tano ambayo haitaamka mahali popote unapoendesha. Adui wa breki kwenye vumbi ni mchanga na kokoto zinazoingia kati ya diski na bati la nyuma. Ndiyo yale makelele unayoyasikia ukitoka.

Diski za matundu: mimi nimetoa nyingi zilizopasuka kuanzia tunduni kwenda ukingoni. Kinachopoza diski ni uwazi wa katikati unaopitisha hewa, na wa kwako tayari unao.

Kabla hujanunua chochote, vua tairi za mbele. Kalipa zako kama ni zile zinazoteleza, zenye pistoni mbili, fungua boliti ya chini kwa spana ya 14, inua kalipa, kisha niandikie vitu vinne: unene wa pedi ya ndani na ya nje kila upande, kama pini ambazo kalipa inatelezea zinasogea kwa mkono, rangi ya oili, na unene wa diski. Usipulize vumbi kwa kompresa. Pedi za zamani zilikuwa na asbestosi na huwezi kujua nini kimepita hapo. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe.

Njia ya Tunduma

Naongezea la upande wangu. Nabeba shaba kutoka Zambia kwenda bandarini, kwa hiyo Kitonga naishuka nikiwa na mzigo kamili. Hakuna pedi wala laining (ile ya breki za malori) itakayokuokoa kama umeingia mteremko na gia kubwa. Gia unaichagua juu, kabla gari halijaanza kuvuta, na unashuka nayo mpaka chini. Ukishachelewa haiingii tena, na ukiikosa unabaki na free mkononi, yaani gari halina gia. Wapo wanaopiga free makusudi ili kubana mafuta, Iwambi na Senjele, na mabaki ya magari yao tunayapita kila wiki. Nimezika marafiki wawili kwa ajili ya hilo.

Na mguu usilale kwenye breki. Kanyaga kwa nguvu inayoeleweka, shusha spidi chini ya ile unayoitaka, achia kabisa zipumue, kisha rudia. Ukiigusagusa kama ulivyosema, inaiva taratibu bila wewe kujua. Gari lako la gia za mkono ni bahati, ndugu yangu. Gia ya pili ile iliyokutuliza mwishoni ndiyo ungeanza nayo.

Impreza ya Uyole

Ndaga fijo wote. Leo nimevua tairi, na kijana wa jirani mwenye kalipa ya kupimia amenisaidia.

Kulia: pedi ya ndani mm 7, ya nje mm 7. Kushoto: ya ndani mm 3, ya nje mm 8. Pini moja ya kushoto haikutoka mpaka nikaigonga kwa nyundo, ina kutu na grisi nyeusi iliyoganda. Uso wa pedi za kushoto unang'aa kama kioo. Ubavuni hakuna herufi yoyote, kuna namba tatu tu na mchoro wa simba. Diski mm 22.3 kulia, mm 22.1 kushoto, na kwenye diski pamechongwa 22 kuwa ndiyo mwisho. Oili ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nimetafuta risiti zote tangu ninunue gari mwaka 2019. Oili ya breki haijawahi kubadilishwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nabadilisha oili ya injini kila kilomita 5,000 bila kukosa.

Mzee wa Kalipa

Vizuri sana, umepima kama fundi. Sasa jambo lote linaonekana. Pini ya kushoto ilishika, kalipa ikawa inabana upande mmoja na haiachii vizuri, pedi ya ndani ikawa inasugua hata usipokanyaga. Gurudumu hilo moja lilikuwa linaiva muda wote, na ndani yake kuna oili ya miaka yenye maji. Kawetire imemalizia tu.

Diski zote mbili za mbele badilisha, za kawaida zenye uwazi wa katikati. Mpya za aina hiyo huwa mm 24, na hizo 2 zilizoisha ni chuma ambacho kingekuwa kinakumezea joto. Usikubali kuchongesha ulizonazo, hazina nyama ya kuchonga.

Pini zitoe, zisafishe, kama kutu imezila nunua mpya pamoja na mipira yake. Paka grisi ya silikoni ya breki, siyo ile ya beringi. Grisi ya beringi inavimbisha mpira na mwaka ujao utarudi hapa hapa.

Oili: DOT 4 au 5.1, kopo ambalo halijafunguliwa, nunua lita moja. Toa yote ya zamani, magurudumu manne, mpaka itoke safi, kisha toa upepo. DOT 5 iache, ni silikoni, haichanganyiki na ya kwako ingawa namba inafanana. Baada ya hapo kila miaka miwili, hata kama gari limelala.

Pedi: seti moja inakutosha, wala sisiti kulisema. Tafuta zile za katikati, zilizotengenezwa zishike zikiwa baridi na zivumilie hadi nyuzi kama 500, mfano Ferodo DS2500 au EBC Yellowstuff. Hela ikikataa, pedi nzuri ya nusu chuma yenye FF na R90 kutoka kwa yule dada wa Mwanjelwa, pamoja na oili mpya na gia ya pili, itakushusha Kawetire na mama yako salama kuliko ya laki tano juu ya oili ya 2019. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na hiyo, na pesa inayobaki ningenunulia tairi. Nyuma weka pedi ya aina ile ile au iliyo laini kidogo. Ukiweka kali nyuma peke yake, kwenye vumbi mkia utakuja mbele.

Usishuke mlima wowote na pedi mpya kabla hujazifunda, yaani kuzizoesha na diski. Pedi mpya ikipata moto mara ya kwanza inatoa gesi ya gundi yake, na gesi hiyo inaiinua kidogo kutoka kwenye diski. Nenda asubuhi mapema ile tambarare ya Igurusi kwenda Chimala, mahali pasipo na makazi, nyuma yako pakiwa peupe. Toka spidi 80 hadi 20, kwa nguvu ya kati, bila kusimama kabisa, achia, panda tena 80. Mara kumi. Utasikia harufu kidogo, ni sawa. Kisha endesha dakika 15 bila kugusa breki ila kwa dharura. Ukisimama, usibaki umekanyaga. Pedi ya moto inaacha alama yake kwenye diski, na hapo ndipo watu wanaposema diski imepinda.

Ukitoka Iringa, osha magurudumu kwa maji mengi kwa ndani, breki zikiwa zimepoa.

Impreza ya Uyole

Kamwene, naandika kutoka Iringa, wiki tatu baadaye.

Nilichukua FF zenye R90 kwa dada wa Mwanjelwa, diski mpya, pini mpya zote nne, DOT 4 lita moja. Nimezifunda Igurusi kama ulivyoelekeza, mzee wangu. Leo nimekimbia mizunguko sita ya vumbi na pedeli imebaki pale pale, juu. Muda wangu umeboreka kwa sekunde mbili, kwa sababu sasa gari linasimama likiwa limenyooka, halivuti kushoto. Kumbe lilikuwa linavuta siku zote nami nikidhani ni tairi.

Jumapili iliyopita nilirudi Kawetire, na mama nilimchukua. Gia ya pili kutoka juu. Tulipofika mahali pale nilipoegesha siku ile nikamweleza ukweli wote. Akasema alijua. Alisikia harufu, na alikuwa amemkumbatia mtoto tangu kona mbili kabla sijasimama.